Siku ya Tatu Mpe Jembe: Habari za Mahuru wa Misheni na Kazi Zao

Wahenga walisema, Mgeni siku mbili. Siku ya tatu mpe jembe. Mithali hii twaijua sote, na kila nyumba ina mtu wa kuitamka pindi mgeni azidipo kukaa. Lakini katika mwaka huu wa yubile, tunapowakumbuka waliotutangulia, tumeona yafaa kuuliza jambo ambalo mithali imelinyamazia: apewe jembe lipi, na nani amwulize kwanza? Kwa maana katika siku za mwanzo wa Misheni walifika wageni wasiokuja kwa hiari yao. Waliteremshwa majahazini, wakafunguliwa minyororo, wakaambiwa kwamba sasa wako huru. Hawakuwa na ndugu, hawakuwa na shamba, na wengi wao hawakuijua lugha ya mji. Siku mbili zikapita. Siku ya tatu hapakuwa na budi wapewe kazi.

Twataka kueleza katika kurasa hizi jinsi kazi hizo zilivyochaguliwa, ni nani aliyechagua, na mambo yaliyotokea baadaye. Hatuandiki ili kuwasifu wazee wetu kupita kadiri, wala kuwalaumu watu wasioweza tena kujitetea. Twaandika kwa sababu swali lenyewe halijafa. Mwalimu aliyeulizwa na mtoto wa darasa la mwisho, "Mwalimu, mimi nitafanya kazi gani?" amesimama pale pale waliposimama mapadre na mabibi wa zamani, naye aweza kukosea kama wao, au kufanya vema kama wao.

WATOTO WATANO NA WENZAO

Misheni ya Vyuo Vikuu, ambayo wengi huijua kwa herufi zake, UMCA, ilianza kazi katika nchi ya mto Shire, mahali paitwapo Magomero, mwaka 1861. Homa, njaa na vita viliiangusha, na Askofu Charles Mackenzie akafa Januari 1862. Aliyemfuata, Askofu William Tozer, aliona heri kuanza upya Unguja. Akafika huko mwaka 1864 pamoja na Padre Edward Steere. Muda si mwingi Seyyid Majid, Sultani wa Unguja, akawapa watoto watano wa kiume waliotwaliwa katika jahazi la watumwa. Hao ndio wanafunzi wa kwanza. Mmoja wao, John Swedi, akawa shemasi mwaka 1879.

Baada ya hao wakaja wengine wengi. Manowari za Kiingereza zilikuwa zikiyavizia majahazi baharini, na kila lilipokamatwa jahazi ikawa lazima kuamua watu wale waende wapi. Wengine walipelekwa mbali, Bombay, Shelisheli, hata Natal. Wengine waligawanywa kwa misheni: UMCA pale Unguja, Mapadre wa Roho Mtakatifu Unguja na Bagamoyo, na tangu mwaka 1875 misheni ya CMS iliyojenga Freretown karibu na Mombasa. Ni kweli kwamba Juni 1873 Seyyid Barghash alitia sahihi mkataba wa kuyafunga masoko ya watumwa. Lakini biashara ya siri haikwisha siku ile, na mateka wakazidi kuletwa.

Yatupasa kuwafikiri watu hao kama walivyokuwa. Walikuwamo Wayao, Wanyasa, Wamakua, Wangindo na wengine wengi. Katika kundi moja aliweza kuwamo mwindaji hodari, mwanamke aliyejua kufinyanga vyungu tangu kwa mama yake, mhunzi, mganga, na mtoto aliyeibwa kabla hajajua jina la kijiji chake. Lakini walipofika pwani wote waliitwa kwa neno moja, mateka. Na walipofunguliwa wakaitwa tena kwa neno moja, mahuru. Jina moja likafunika watu wengi. Yule aliyekuwa fundi kwao alihesabiwa sawa na yule asiyejua kitu, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumwuliza kwa lugha yake, "Wewe kwenu ulikuwa ukifanya nini?" Hapa ndipo ilipoanza shida yote tunayoisimulia.

MAFUNGU MATATU

Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika Unguja mwaka 1863, wakaanzisha karakana za ufundi mapema. Mwaka 1868 wakavuka bara wakaanza Bagamoyo. Kwao watoto waliokombolewa waliwekwa katika mafungu matatu: waliofaa kwa masomo, waliofaa kwa ufundi, na waliofaa kwa kilimo. Vijana walipokua waliozwa, wakapewa nyumba na shamba katika kijiji cha Wakristo. Mwaka 1877 baadhi ya watu wa Bagamoyo walitumwa hata Mhonda, katika nchi ya Nguu, wakawe mwanzo wa kituo kipya.

Kwa UMCA mambo hayakuwa mbali na hayo. Kiungani palikuwa mahali pa wavulana wa kitabu, watakaokuwa walimu na makasisi. Mkunazini, mjini, walikaa vijana wa kujifunza kazi za mikono. Mbweni palikuwa na mashamba ya watu wazima, pamoja na shule ya wasichana.

Tuanze na Kiungani, kwa maana wasomaji wetu wengi ni walimu, na ualimu wa nchi hizi una deni kwa mahali pale. Padre Steere, aliyewekwa Askofu mwaka 1874, alikuwa mtu wa elimu ya sheria na lugha, lakini pia alijua kupiga chapa kwa mikono yake mwenyewe. Aliwafundisha wavulana kupanga herufi, kupaka wino na kukunja karatasi. Hivyo vitabu vya kwanza vya Kiswahili vya Misheni vilipigwa chapa na vijana ambao miaka michache nyuma walikuwa wamelala juu ya mbao za jahazi. Tangu mwaka 1888 gazeti liitwalo Msimulizi lilipigwa chapa Kiungani, likichukua habari za vituo vyote, kutoka Magila mpaka Masasi hata Ziwa Nyasa. Mtu aliyepanga herufi alikuwa pia wa kwanza kusoma habari; kwa hiyo kazi ya mkono na kazi ya akili hazikutengana pale. Twaona kwamba hili lilikuwa jambo jema kupita mengi, ingawa halikusifiwa sana wakati ule.

Katika Kiungani hiyo alisoma Cecil Majaliwa, Myao aliyetekwa utotoni. Alikuwa shemasi mwaka 1886, na mwaka 1890 akawa kasisi, Mwafrika wa kwanza wa UMCA kupewa daraja hiyo, akafanya kazi miaka mingi Chitangali, katika nchi ya kusini. Tukimtazama yeye twaweza kusema kwamba walimchagulia vema, naye alikubali vema.

Lakini mambo ya Mkunazini yalikuwa namna nyingine. Waliopelekwa kujifunza useremala, uashi, upishi na udobi kwa kawaida walikuwa wale walioonekana wazito katika kusoma. Kusoma ndiko kulikuwa mizani. Aliyepita katika mizani alikwenda juu; aliyeshindwa alipewa randa au mwiko. Hakuna aliyekusudia kuudharau ufundi. Askofu Steere mwenyewe hakuudharau hata kidogo. Lakini mtoto haangalii nia ya mkubwa, huangalia mahali alipowekwa. Akiona kwamba seremala ni yule aliyeshindwa chuoni, atadhani kwamba useremala ni adhabu, hata akiwa na kipawa cha kuutenda kuliko wenzake wote.

Wenyeji wa Mkunazini husimulia hadithi moja juu ya Kanisa Kuu. Jiwe la msingi liliwekwa Krismasi ya mwaka 1873, mahali palipokuwa soko la watumwa, na mahuru walifanya kazi katika ujenzi huo miaka kadhaa. Husemwa kwamba Askofu aliposafiri kwenda bara, mafundi walisimamisha nguzo za mahali pa ubatizo juu chini, chini juu. Aliporudi akaziacha zikae vivyo hivyo. Wageni waonyeshwapo nguzo hizo hucheka. Sisi twapenda kufikiri zaidi. Mtu aliyepewa nguzo aisimamishe, asionyeshwe picha ya jengo wala kuelezwa kazi ya nguzo ile, amekosa nini? Aliyefanya kazi bila kuambiwa maana yake si mvivu wala si mjinga; amefanya kadiri alivyoelezwa.

MBWENI

Misheni ilinunua ardhi ya Mbweni mwaka 1871, kusini ya mji, kando ya bahari. Hapo watu wazima waliokombolewa walipewa mahali pa kujenga nyumba na kulima chakula chao, nao wakafanya kazi ya ujira katika shamba la Misheni na katika majenzi. Mpango huu uliwaponya wengi. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni, asiye na mume wala ukoo, angekwenda wapi katika mji ambao bado mtu aliweza kuibwa na kuuzwa tena? Mbweni alipata mlango wa kufunga usiku, na mashahidi wa kumtetea mchana. Hilo tusilisahau.

Walakini palikuwa na ugumu. Mwenye ardhi, mwenye kutoa ujira, mwenye kuhukumu ugomvi na mwenye kutoa Sakramenti walikuwa upande mmoja. Mtu asiyependa kazi aliyopewa hakuwa na mahali pa kwenda kusema, ila kwa yule yule aliyempa kazi. Akinyamaza, huonekana ameridhika. Akiondoka, huonekana hana shukrani. Wengine waliondoka, wakaenda mjini kuwa wapagazi, vibarua wa bandarini na watumishi wa nyumba. Wenzao waliosalia waliwasikitikia kama waliopotea. Huenda baadhi yao walipotea kweli. Lakini wengine walikuwa wakifanya, kwa mara ya kwanza katika maisha yao, lile jambo ambalo mtumwa hawezi kulifanya, yaani kuacha kazi moja na kutafuta nyingine.

Shule ya wasichana ya Mbweni ilipata mlezi mkubwa, Bibi Caroline Thackeray, aliyefika mwaka 1877, akaiongoza shule hata mwaka 1902, na baada ya hapo hakurudi kwao, bali aliishi Mbweni mpaka alipokufa mwaka 1926. Wasichana wenye kusoma vizuri walifundishwa wawe walimu, na tena wawe wake wa walimu, ili nyumba ya mwalimu kijijini iwe na wafundishaji wawili. Wasichana wengine walitengwa katika upande wa kazi: kufua na kupiga pasi, kupika, kushona, kusuka mikeka, kulima. Wengi wa walimu wanawake wa kwanza wa pwani na bara walitoka katika shule hiyo. Twawashukuru. Lakini katika kumchagulia msichana palikuwa na uzito zaidi ya mvulana, kwa kuwa alichaguliwa mara mbili: kazi yake, na nyumba atakayoolewa. Msichana aliyepangiwa kuwa mke wa mwalimu wa mbali alipangiwa na nchi, na lugha, na maisha yote.

MASASI, 1876

Askofu Steere hakupenda mahuru wakae Unguja siku zote kama watu wa kutunzwa. Alitaka wale waliotoka kusini warudi upande wa kwao, wakawe raia wa nchi na si wageni wa Misheni. Mwaka 1875 alikwenda mwenyewe kupitia Lindi hata kwa Mataka, mfalme wa Wayao, kutazama njia. Mwaka uliofuata akaondoka tena pamoja na Padre William Percival Johnson na mahuru zaidi ya 50 wa Mbweni, wanaume kwa wanawake. Nia ilikuwa kufika nchi ya Wayao karibu na Ziwa. Lakini Novemba 1876 walipofika Masasi, wakaona majabali makubwa, udongo mzuri na maji, safari ikakoma hapo. Wakagawanya mashamba, wakajenga.

Twapenda msomaji aone tofauti iliyopo kati ya Masasi na Mbweni. Watu walikuwa wale wale, na Misheni ile ile. Lakini Masasi mtu alilima shamba aliloliona kwa macho yake, katika nchi iliyofanana na ile aliyozaliwa, akafuata desturi za kilimo alizozijua. Aliyekuwa anajua kuwinda aliwinda, aliyekuwa anajua kufinyanga alifinyanga. Ujuzi uliofunikwa na neno mahuru ukafunuliwa tena. Mji ule ulipata msiba mkubwa Septemba 1882, Wagwangwara walipoushambulia, wakateka watu na kuchoma nyumba, na kazi ikatawanyika kwa muda. Lakini mbegu haikufa, na waamini wa kusini ni mashahidi.

WALIOJICHAGULIA

Yafaa pia tuwakumbuke wawili ambao hawakuingia sawasawa katika fungu lo lote.

Wa kwanza ni James Chuma. Alikombolewa mwaka 1861, mtoto, katika nchi ya Shire, na akakaa na watu wa Askofu Mackenzie. Mwaka 1864 Livingstone alimpeleka Bombay, akasoma huko kidogo, na mwaka 1866 akarudi Afrika pamoja naye. Livingstone alipofariki mwaka 1873, Chuma na Abdullah Susi walikuwa viongozi wa watu waliouchukua mwili wake kwa miguu hata Bagamoyo. Katika safari hizo Chuma alijifunza kazi ambayo haikufundishwa katika shule yo yote: kuongoza msafara, kupatana na wafalme wa njiani, kuwalisha na kuwatuliza wapagazi mia, kujua wapi pana maji. Baadaye UMCA ilimtumia katika misafara yake ya bara. Na mwaka 1879 aliongoza msafara wa Joseph Thomson kwenda Ziwa Nyasa na Tanganyika. Akafa Unguja mwaka 1882. Kama mtu angempima Chuma kwa kitabu peke yake, angempa jembe au mwiko, na nchi ingekosa kiongozi.

Wa pili ni Dallington Maftaa, kijana wa shule ya UMCA, aliyesafiri na Stanley. Mwaka 1875 walifika Buganda, na Kabaka Mutesa akataka mtu wa kumsomea Maandiko na kumwandikia barua. Dallington akabaki, akawa msomaji na mwandishi katika baraza la mfalme. Hakuna aliyempangia kazi hiyo alipokuwa akijifunza herufi Unguja. Mlango ulifunguka mbele yake, naye alikuwa tayari.

Baadaye, serikali za Waingereza na Wadachi zilipoingia, milango ya namna hiyo iliongezeka. Vijana wa Kiungani walitakiwa kuwa makarani na wakalimani, kwa mshahara ambao Misheni haikuweza kuulipa. Wengi walikwenda. Yalisemwa maneno makali juu yao, kwamba wameuza elimu yao. Nasi twajua uchungu wa kituo kilichoachwa bila mwalimu. Huo ni uchungu wa kweli. Lakini mtu aliyekuwa mtumwa, au mwana wa mtumwa, akiona kwamba kazi yake ina thamani na kwamba wako wawili wanaoitaka, hafanyi dhambi kuyapima maneno ya wote wawili. Utumwa ulikomeshwa kisheria Unguja mwaka 1897, na katika Tanganyika mwaka 1922; tangu hapo kupima huko kukawa haki ya kila mtu.

SHAURI LILE LILE KATIKA NCHI NYINGINE

Swali hili halikuwa la Unguja peke yake. Kila mahali walipofika watu wengi wageni na maskini, palitokea watu wa kuwachagulia kazi, na baadaye mtu mmoja wa kuuliza kama kuchagulia huko ni haki.

Katika mji wa Boston, Marekani, mwanzoni mwa karne ya ishirini, mtaa wa North End ulijaa wahamiaji, Waitalia na Wayahudi waliotoka Urusi. Vijana wao waliingia katika kazi ya kwanza waliyoiona, wakaiacha, wakaingia nyingine, bila mtu wa kuwashauri. Bibi mmoja tajiri, Pauline Agassiz Shaw, alitoa fedha za kuendesha nyumba ya kuwasaidia, iliyofunguliwa mwaka 1901. Katika kazi hiyo akashirikiana Bwana Frank Parsons, mtu aliyejua kwa maisha yake shida ya kutafuta kazi: alikuwa mhandisi wa reli, kampuni ikafilisika, akawa kibarua katika kiwanda cha chuma, kisha mwalimu wa shule, kisha mwanasheria. Januari 1908 akafungua ofisi ya kutoa mashauri ya kazi. Hakuiongoza mwaka mzima, kwa maana alifariki Septemba ya mwaka ule ule. Kitabu chake kilitoka mwaka 1909 baada ya kifo chake.

Mafundisho yake yalikuwa mepesi kushika. Kwanza mtu ajijue: nguvu zake, upungufu wake, mambo ayapendayo. Pili azijue kazi zenyewe: zataka nini, zalipa nini, zaelekea wapi. Tatu azilinganishe habari hizo mbili kwa akili. Juu ya hayo yote aliweka kanuni moja: mshauri hamwamulii mtu, humsaidia kuamua. Hilo ndilo jambo ambalo Kiungani, Mkunazini, Mbweni na Bagamoyo halikusimama imara. Kulikuwa na walezi wenye upendo mwingi, waliokufa kwa homa kwa ajili ya watu hao. Lakini mwisho wa shauri ulikuwa mikononi mwa mlezi.

Kuna kosa jingine lililo kubwa zaidi, nalo ni kulichagulia kabila au taifa zima. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani ilizunguka Afrika ya Mashariki kutazama shule. Alikuwamo Dakta Aggrey wa Gold Coast, ambaye wazee wengi walimsifu. Tume ilishauri elimu ipatane na maisha ya vijiji: kilimo, afya, kazi za mikono. Shauri lilikuwa na wema wake, kwa kuwa watu wengi waliishi kwa kulima. Lakini mikononi mwa wengine liligeuka kuwa ukuta: kwamba Mwafrika kazi yake ni jembe, basi. Hapo mithali yetu ikapotoshwa. Jembe ni heshima kwa aliyelichagua. Kwa aliyefungiwa mlango wa kazi nyingine ni mnyororo uliobadilishwa umbo.

Mwaka 1949 Shirika la Kazi Duniani lilitoa pendekezo lake kwa mataifa juu ya kuwaongoza watu katika kazi, na msingi wake ni kwamba mtu achague mwenyewe kwa hiari na kwa kujua. Yale waliyoyatafuta mahuru wa Mbweni kwa miguu yao, walipoondoka usiku kwenda mjini, yakaandikwa kuwa kanuni ya mataifa.

YATUPASAYO SISI

Tumeyasimulia haya ili tuyatumie. Mahuru wa leo hawashuki majahazini. Lakini yuko msichana aliyetolewa kijijini akiwa mdogo kufanya kazi za nyumbani mjini, ambaye sasa amekua na hajui kazi nyingine. Yuko kipofu ambaye jamaa yake wameamua tangu utoto kwamba ataketi barazani. Yuko mkimbizi ambaye kwao alikuwa muuguzi au fundi, na hapa huitwa mkimbizi tu. Yuko kijana aliyekatizwa shule kwa kukosa karo. Hao wote huja mlangoni kwa padre na kwa mwalimu, na siku ya tatu twatafuta jembe la kuwapa.

Basi tushike mambo manne tuliyofundishwa na historia yetu wenyewe. La kwanza, tumwulize mtu alilokwisha kulijua kabla ya kumfundisha jipya, na tumwulize kwa lugha anayoifahamu. Huenda chini ya jina tulilompa yumo mhunzi au mfinyanzi. La pili, tusiufanye ufundi kuwa fungu la walioshindwa. Mtoto hodari wa hesabu apelekwe naye akaone karakana, na mwenye mikono myepesi asinyimwe kitabu. Wapiga chapa wa Kiungani walikuwa navyo vyote viwili. La tatu, tumwonyeshe jengo zima kabla ya kumpa nguzo: kazi hii ni ya nini, italipa nini, itamfikisha wapi, ina hatari gani. Mwalimu asiyezijua kazi za wilaya yake na aende akazitazame, akaongee na mafundi, maana huwezi kuonyesha njia usiyoipita. La nne, ambalo ni gumu kuliko yote, tukiisha kumshauri tumwachie aamue, na akichagua tofauti na tulivyotaka tusimhesabu kuwa amepotea. Mlango tuliomfungulia atoke uwe wazi vile vile akitaka kurudi.

Makaburi ya Mbweni yako karibu na kanisa la Mtakatifu Yohana, lililojengwa mwaka 1882. Tunapowaombea waliolala huko na katika vituo vingine vyote, wenye majina na wasio na majina, waliochaguliwa vema na waliochaguliwa vibaya, tuwaombee pia waliowachagulia, kwa maana walijitahidi. Kisha tuondoke tukaketi na yule mgeni wetu wa siku ya tatu. Tumpe jembe kama ndilo analolitaka. Lakini kwanza tumwulize.